Nataka mgahawa wangu uwe kama behewa la treni: nianzie wapi?

Msomaji anauliza: Nimepata ukumbi wa mita 9 kwa 14, sakafu ya zege, dari lenye urefu wa mita 3.6. Nataka kufungua mgahawa wenye sura ya treni ya zamani. Mpambaji ameniletea mchoro: kichwa cha treni cha faiba katikati ya ukumbi, dari lililopinda kama la behewa na vitambaa vyekundu vikining'inia, skrini zilizowekwa kama madirisha zikionyesha mandhari inayopita, mlio wa treni siku nzima, na taa za chemli mezani. Anasema viti 70 vinaingia. Mchoro unapendeza, lakini kuna kitu kinanikera na siwezi kukitaja. Nikubali nini, nikatae nini?

Jibu: Ndugu msomaji, kinachokukera nadhani nakijua. Mchoro huo umechorwa kwa jicho la mtu aliyesimama mlangoni. Mteja wako atasimama mlangoni nusu dakika, halafu atakaa kitini saa nzima, na ukibahatika atarudi wiki ijayo akae tena. Kichwa cha treni kitamshangaza mara ya kwanza. Mara ya tatu atakuwa anakizunguka tu ili afike mezani.

Kwa hiyo usianze na kuta. Anza kwa kujiuliza treni yenyewe ilifanyaje kazi. Mwaka 1868, George Pullman alipoingiza relini behewa lake la kwanza la mgahawa, lililoitwa Delmonico, abiria wa Marekani walikuwa wamezoea kushuka stesheni na kula mbiombio kabla treni haijaondoka. Waliobuni mabehewa ya namna hiyo walikabiliwa na mambo yaleyale yanayokukabili wewe: nafasi finyu, wahudumu wanaopishana na sahani za moto, mizigo isiyo na pa kuwekwa, jiko dogo, wageni wasiojuana wanaokaa karibukaribu. Namna walivyoyatatua ndiyo iliyolipatia behewa sura yake: viti virefu vinavyotazamana, rafu ya mizigo juu ya kichwa, taa ndogo kando ya dirisha, meza iliyoshikizwa ukutani. Chukua ufumbuzi wao, na sura itakuja yenyewe. Hicho ndicho kipimo nitakachokitumia kwa kila kitu kilichomo kwenye mchoro wako.

Kwanza hizo habari za viti 70. Ukumbi wako una mita za mraba 126. Jiko, stoo, sehemu ya kuoshea vyombo na chumba cha wafanyakazi kwa kawaida humeza kati ya asilimia 30 na 40 ya eneo lote; tuseme mita za mraba 50. Zinabaki 76. Toa vyoo, kaunta na mahali pa kuingilia, kama 16 hivi, unabaki na 60 za kulia chakula. Katika mgahawa wa kawaida mteja mmoja anahitaji mita za mraba 1.2 hadi 1.4, njia za kupita zikiwa ndani ya hesabu hiyo. Kwenye migahawa ya kukaa kwa starehe hufika hata 1.8. Gawa 60 kwa 1.3 upate viti 46. Viti 70 vinampa kila mtu mita za mraba 0.86, na kwa kipimo hicho mhudumu hapiti bila kugusa bega la mtu. Halafu bado hatujatoa eneo la kichwa cha treni. Mwulize mpambaji amewaweka wapi watu wa jikoni. Mara nyingi wanaochora kwa ajili ya picha husahau kwamba vyombo vichafu navyo vinahitaji njia.

Usisikitike kwa viti vilivyopungua. Tazama treni inavyokusaidia kuvipanga hivyo 46. Katika mabehewa mengi ya kulia chakula ya Ulaya, upande mmoja wa njia kuna meza za watu wanne na upande wa pili meza za watu wawili. Mpango huo unakufaa sana. Watu wengi huja mgahawani wawiliwawili, na meza ya wanne iliyofungwa sakafuni ikikaliwa na wawili, nusu yake imekwenda. Wanaotaka mgahawa wa treni karibu wote hujaza vyumba vya watu wanne, yaani viti viwili virefu vinavyotazamana na meza katikati, kila upande, kisha Jumamosi usiku ukumbi unaonekana umejaa huku theluthi ya viti ni mitupu.

Kwa hiyo weka vyumba vinne vya watu wanne kwenye ukuta mmoja mrefu: wateja 16. Ukuta wa pili uwe na meza nne za watu wawili, nazo zikitazamana kama kwenye treni: wanane. Katikati weka meza ndogo 10 za mraba, sentimita 75 kwa 75, zinazohamishika na kuunganishwa watu wakija kumi kwa pamoja: 20. Jumla ni 44, karibu na vile 46. Hizo za katikati ndizo zitakazompokea pia mteja wa kiti cha magurudumu, maana kwenye viti vilivyofungwa hawezi kuingia. Mwachie njia isiyopungua sentimita 90 na mahali pa kugeukia penye kipenyo cha mita 1.5. Njia kuu ya wahudumu ifanye iwe sentimita 110 au 120, kwa kuwa watu wawili wenye trei hupishana humo.

Vyumba vya kutazamana vina vipimo vyake, na hapa usikubali kubahatisha. Kutoka mgongo wa kiti kimoja hadi mgongo wa kiti kinachofuata panatakiwa sentimita 165 hadi 180. Meza iwe na urefu wa sentimita 120, yaani 60 kwa kila mtu, kwa sababu chini ya hapo viwiko vinagombana. Uso wa meza uwe kwenye sentimita 75 kutoka sakafuni na sehemu ya kukalia kwenye 45. Lakini hiyo 45 ipime mtu akiwa amekaa, kwa kuwa sponji hubonyea. Seremala akipima kiti kitupu, mteja atajikuta meza iko kifuani. Mgongo wa kiti uishie kwenye sentimita 120 au 125. Kwa kimo hicho mtu aliyekaa hamwoni jirani yake, ila mhudumu aliyesimama anaona glasi iliyokwisha bila kwenda kuinamia meza.

Na miguu ya meza. Kwenye behewa meza hushikizwa ukutani upande mmoja, upande wa njia ikabebwa na mguu mmoja tu. Iga hiyo kama ilivyo. Anayeingia kukaa ndani hajigongi goti, na anayefagia usiku ana kimoja tu cha kuzunguka.

Rafu ya mizigo nayo usiiache. Ndiyo kitu pekee katika mgahawa mzima ambacho mteja ataona mara moja kuwa ni cha treni na papo hapo akakitumia: mkoba, koti, kofia ya pikipiki, mfuko wa dukani. Itundike sentimita 170 hadi 180 kutoka sakafuni, kina chake 30, kwa chuma cha bomba na wavu, na ifungwe kwenye ukuta wenyewe, usikubali ifungwe kwenye ubao wa mapambo. Watu watapanga humo mabegi mazito. Baadhi ya wabunifu hujaza rafu hiyo masanduku ya ngozi ya zamani yaliyogundishwa. Nayaona ni upotevu wa nafasi, na vumbi lake halifutiki.

Sasa kichwa cha treni cha faiba. Kikate. Kikichukua mita za mraba sita pamoja na nafasi ya kukizunguka, kimekula nafasi ya wateja wanne au watano kila siku mgahawa utakapokuwa wazi. Zaidi ya hayo, aliyekaa ndani ya behewa haioni injini. Ukiiweka katikati ya ukumbi unamwambia mteja hayumo ndani ya treni, yuko nje anaitazama. Kama moyo unakataa kabisa kuachana nayo, iweke nje kwenye uso wa jengo, inakoweza kuvuta wapita njia. Mabaa ya Montmartre mjini Paris yalijua siri hiyo tangu miaka ya 1890: Cabaret de l'Enfer, iliyojifanya jehanamu, uliingia kupitia kinywa cha zimwi kilichochongwa kwenye uso wa jengo, barabarani. Ndani, mahali pa injini, geuza kaunta ya malipo iwe dirisha la tiketi. Kaunta utaijenga tu, hivyo sura yake haikugharimu nafasi yoyote.

Kuhusu vitu vya kutundika: ning'iniza vichache, vya kweli, na uache kuta zingojee. Hard Rock Cafe ilifunguliwa London mwaka 1971, na gitaa la kwanza, la mwanamuziki Eric Clapton, lilitundikwa mwaka 1979, kuonyesha mahali alipopenda kukaa. Mkusanyiko uliokuja kuwa alama ya mgahawa huo ulianza kwa mteja na kiti chake. Wewe nawe, mtu aliyestaafu relini akikuletea taa yake ya ishara au kofia ya kazi, itakuwa na maana kuliko vibao 40 vilivyonunuliwa kwa jumla vikiwa vimechubuliwa kiwandani vionekane vizee.

Dari lililopinda ndilo jambo linaloniogopesha zaidi kwenye mchoro wote, na nitakaa hapo kidogo. Ni zuri, silikatai. Lakini uso mgumu uliopinda hufanya kwa sauti kile ambacho kioo cha kukuzia hufanya kwa jua: unaikusanya na kuitupa mahali pamoja. Kituo cha treni cha Grand Central mjini New York kina mfano unaojulikana sana. Nje ya mgahawa wa Oyster Bar, uliofunguliwa mwaka 1913, kuna kipito chenye dari la kuba lililojengwa kwa vigae. Mtu akisimama pembe moja na kunong'ona akiuelekea ukuta, mwenzake aliye pembe ya mkabala anamsikia waziwazi, ingawa kati yao kuna watu wanaopita. Watalii wanafurahi. Mteja wako aliyekuja kuzungumzia talaka yake hatafurahi.

Kuna na kelele ya jumla. Sakafu ya zege, kuta ngumu na dari la jipsamu hurudisha karibu sauti yote. Etienne Lombard, daktari wa Ufaransa, alieleza mwaka 1911 jinsi mtu anavyopandisha sauti bila kujijua pakiwa na kelele. Meza moja ikipandisha, ya pili inapandisha zaidi ili isikike, na ndani ya saa moja ukumbi wote unapiga kelele bila mtu yeyote kukusudia. Mazungumzo ya kawaida yako kwenye desibeli 60 hivi. Ukumbi uliojaa na usio na kitu cha kunyonya sauti hufika 80 kwa urahisi, na hapo wazee huacha kuongea, wakaanza kutikisa vichwa tu.

Ufumbuzi uko kwenye treni yenyewe. Jenga dari lililopinda kwa vipande vyembamba vya mbao vilivyoachiana nafasi ya sentimita moja hadi mbili, juu yake kitambaa cheusi, na nyuma ya kitambaa sufi ya madini, yaani nyuzi laini za mawe au kioo, yenye unene wa sentimita 5 au zaidi. Kwa chini unaona behewa la mbao. Sauti inapita kwenye nafasi zile na hairudi. Migongo ya viti iliyojazwa sponji na kuvishwa kitambaa inanyonya nyingine. Ukibakiwa na mwangwi, bandika vibao vya kunyonya sauti chini ya meza, mahali ambapo hakuna anayeviona. Upinde wenyewe ufanye mpana na wa kina kidogo, usizidi sentimita 40 kutoka ukingo hadi kilele, ili mahali unapokusanya sauti pawe mbali chini ya sakafu badala ya kuwa kwenye masikio ya watu.

Ule mlio wa treni wa siku nzima, hapana. Fikiria mhudumu anayeusikia saa nane kwa siku, siku sita kwa wiki. Kama unautaka mno, upige kwenye korido ya kwenda chooni, kwa sauti ya chini. Huko mtu hupita mara moja, akatabasamu, akaendelea.

Vitambaa vyekundu vinavyoning'inia darini na taa za chemli mezani viondoe vyote viwili leo hii. Hapa sisemi tena kama mtu wa mapambo. Usiku wa tarehe 28 Novemba 1942, ukumbi wa burudani wa Cocoanut Grove mjini Boston uliungua wakafa watu 492. Ulikuwa umepambwa uonekane kisiwa cha nchi za joto: minazi ya bandia, na vitambaa vilivyotandazwa darini kuficha dari halisi. Moto ulianzia kwenye pambo hilo, chumba cha chini, ukapita darini kwa kasi kuliko watu walivyoweza kupanda ngazi. Mlango mkuu ulikuwa wa kuzunguka, ukaziba kwa msongamano. Milango mingine ilikuwa imefungwa, au ilifunguka kwa ndani ikakwamishwa na watu waliokuwa wakiisukuma. Sheria nyingi za leo kuhusu milango ya dharura, taa za kuonyesha njia na vitambaa visivyoshika moto zilikazwa baada ya usiku ule.

Na kama unadhani hayo ni ya zamani, tarehe 20 Februari 2003 klabu ya The Station katika jimbo la Rhode Island iliungua wakafa watu 100. Cheche za fataki za jukwaani zilidaka sponji ya polyurethane iliyobandikwa ukutani ili kupunguza kelele. Nimekuambia unyonye sauti, basi lazima nikuambie pia unyonye kwa kitu gani: sufi ya madini haiungui, sponji ya kufungashia bidhaa inaungua kama petroli. Kila kitambaa, sponji, ua la plastiki na ubao unaoingia ukumbini, mwuzaji akupe cheti cha kipimo chake cha moto. Asiye nacho, mwombe kipande kidogo, kishike kwa koleo nje, juu ya ndoo ya maji, ukiguse kwa kiberiti. Kinachodondosha matone yanayowaka hakiingii ndani hata kikiwa cha bure. Jaribio hilo halichukui nafasi ya cheti, linakusaidia tu kukataa mapema. Kisha peleka mchoro kwa idara ya zimamoto ya mahali ulipo kabla ya kuanza kujenga, maana kubomoa ni ghali. Milango ya kutokea isiwe mmoja tu, ifunguke kwa nje, na isifichwe nyuma ya pazia eti kwa sababu alama ya kijani inaharibu mandhari. Iache iharibu.

Taa za mezani, kwa upande mwingine, zibakize, ila ziwe za umeme. Taa ndogo yenye kofia kando ya dirisha labda ndicho kitu kizuri kuliko vyote ulivyoazima kwenye treni. Inamulika sahani, inaacha ukumbi ukiwa na giza la wastani, na kila meza inajiona iko peke yake. Balbu iwe ya kelvini 2,700, yaani ya njano ya joto, na kiwango cha kuonyesha rangi (CRI au Ra) kisipungue 90. Kimeandikwa kwenye boksi la balbu. Chini ya hapo nyama inaonekana ya kijivu na mboga za majani zinaonekana zimelala. Juu ya meza lenga luksi (kipimo cha mwanga unaoangukia mahali) 100 hadi 200, njiani nusu yake au pungufu. Kila kundi la taa liwe na swichi yake ya kupunguza mwanga, kwa kuwa mgahawa wa mchana na wa usiku ni kumbi mbili tofauti ndani ya kuta zilezile.

Kofia ya taa kwa nje ifanye nyekundu upendavyo. Kwa ndani iwe nyeupe. Kofia nyekundu kwa ndani hupaka chakula chote wekundu, na uso wa mtu vilevile. Na isikae katikati ya meza, ambako itawaziba nyuso wanaotazamana. Isogeze upande wa ukuta, sehemu ya chini ya kofia ikiwa sentimita 30 hivi kutoka mezani. Mwambie fundi umeme apitishe waya ndani ya ukuta na kuweka soketi chini ya kila meza kabla plasta haijapigwa. Watu watachaji simu zao hapo, utake usitake.

Madirisha ya skrini nimeyaona mahali kadhaa na sijayapenda hata mara moja. Picha inayokwenda pembeni mwa jicho humvuta mtu kutoka kwa mwenzake, wengine huwapa kizunguzungu kwa sababu jicho linasafiri na mwili umetulia, na usiku mwanga wake wa buluu unaua kazi yote ya taa zako. Pia skrini moja ikizimika, dirisha hilo linageuka televisheni mbovu. Weka vioo. Msanifu majengo Adolf Loos alipobuni American Bar mjini Vienna mwaka 1908 alikuwa na chumba kisichofika mita za mraba 30. Aliweka vioo juu, kuanzia usawa unaozidi kimo cha kichwa, vikarudisha sura ya dari lenye miraba ya marumaru hadi chumba kikaonekana kinaendelea upande wa pili. Kwa kuwa viko juu, mnywaji hajioni mwenyewe, anaona nafasi. Wewe fanya vivyo hivyo juu ya rafu za mizigo: dari lililopinda litajirudia na ukumbi wa mita 9 utaonekana mpana zaidi. Kwenye usawa wa macho tumia kioo cheupe kama maziwa, kisichoonyesha ng'ambo, chenye mwanga hafifu nyuma, ndani ya fremu ya mbao yenye pembe za mviringo. Hiyo inatosha kusema dirisha. Na madirisha halisi ya jengo, kama yapo, usithubutu kuyaziba.

Kwa upande wa vifaa nina kanuni moja nyepesi: mkono unapofika, kiwe cha kweli; mkono usipofika, kinaweza kuwa cha kuiga. Kingo za meza, vishikio vya milango, mbao za kando ya kiti, ndoano za makoti, hivyo vyote viwe mbao na shaba au chuma halisi, kwa sababu ngozi ya mtu haidanganyiki. Mbao za dari zinaweza kuwa za bei nafuu zilizopakwa rangi. Usilipie kutu ya kupaka wala rangi iliyobanduliwa makusudi. Uso wenye mikwaruzo hushika mafuta na vumbi, na baada ya miezi michache uzee wa bandia unageuka uchafu halisi.

Kitambaa cha viti kiulizie idadi ya misuguo ya kipimo cha Martindale, yaani kinasuguliwa na mashine mara ngapi kabla hakijachakaa. Kwa mgahawa usishuke chini ya 40,000. Sehemu ya kukalia iwe ya kunyanyuka, isigundishwe kwenye mgongo. Ukiinyanyua baada ya wiki moja utaona mwenyewe ni kwa nini: makombo, vijiti vya meno, sarafu, na siku mbaya mfupa wa kuku. Viti vya meza za katikati vinaweza kuwa vya mbao zilizokunjwa kwa mvuke. Muundo wa kiti namba 14 wa kampuni ya Thonet, uliotolewa mwaka 1859, ni vipande sita tu na skrubu kumi. Ni wa enzi ya treni yako, ni mwepesi kubeba, na mguu ukivunjika unabadilishwa mguu, kiti kinaendelea.

Sakafu isiteleze ikilowa, basi. Zulia weka njiani tu kama unaweza kulisafisha kila usiku. Karibu na jikoni usiweke kabisa.

Hewa ya jikoni hakuna aliyeichora, naona. Feni za kunyonya moshi lazima zitoe hewa nyingi kuliko inayoingizwa jikoni, ili hewa itembee kutoka ukumbini kwenda jikoni. Ikienda kinyume, sufi, sponji na vitambaa vyako vyote vitanuka mafuta ya kukaangia, na hakuna kufua kutakakovitoa harufu hiyo. Jaribio lake ni rahisi: washa feni zote, fungua mlango wa jikoni kidogo, shika karatasi laini kwenye uwazi. Karatasi ivutwe kuelekea jikoni. Ikipepea kuelekea ukumbini, usimlipe fundi wa feni malipo ya mwisho.

Kabla hujamruhusu seremala kukata ubao hata mmoja, chora ukumbi wote sakafuni kwa chaki, kila meza na kila kiti kwa kipimo chake. Kisha mwombe atengeneze chumba kimoja tu cha watu wanne kwa plaiwudi rahisi, na rafu yake, na taa yake ikiwa imewashwa usiku. Kaa humo na watu wazima watatu, mmoja awe mnene na mmoja mrefu, mle mlo kamili, sahani zote, glasi zote, hadi mwisho. Mtu wa nne aliyekaa upande wa ukuta aombe kutoka katikati ya mlo. Mwambie kijana mwenye trei iliyojaa apite njiani wakati huohuo. Mhudumu akilazimika kunyoosha mkono mbele ya uso wa mtu ili afikishe sahani ya ndani, meza ni ndefu mno. Goti la yule mrefu likigusa goti la mwenzake, ongeza sentimita tano kati ya viti, hata kama ukuta utapoteza nafasi na vyumba vinne vikawa vitatu.

Mrudishie mpambaji vipimo utakavyovipata hapo na umwombe mchoro wa pili. Safari hii mdai mambo manne kabla ya rangi: ramani ya sakafu yenye kila kiti na njia ya vyombo vichafu, ramani ya taa na swichi, mkato wa dari unaoonyesha kilicho nyuma ya mbao, na orodha ya vifaa pamoja na vyeti vyake vya moto. Picha nzuri ya rangi aambatishe mwisho, kutoka usawa wa macho ya mtu aliyekaa kwenye meza mbaya kuliko zote, ile iliyo karibu na mlango wa choo.